Lango Halizuii Maji



Leo nakupeleka mbali kidogo, mpaka jimbo la California, Marekani, kwenye mji uitwao Rolling Hills. Nasema mji kwa sababu kisheria ni mji kamili: una madiwani, una meya, una bajeti yake. Lakini huwezi kuamka asubuhi ukasema leo nakwenda kutembea Rolling Hills. Una malango matatu, na kila lango lina mlinzi. Ukifika anakuuliza unakwenda kwa nani. Kama mwenyeji wako hakuacha jina lako pale getini, utageuza gari urudi ulikotoka. Barabara zote za ndani ni mali ya chama cha wakazi, si mali ya umma. Ofisi ya mji imewekwa karibu na lango kuu, ili mwananchi mwenye shida na serikali yake asilazimike kwenda mbali zaidi ya hapo.

Ndani ya malango hayo kuna kilomita za mraba takribani nane tu. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu 1,739. Hakuna duka, hakuna kituo cha mafuta, hakuna taa za barabarani. Nyumba zote ni za chini, hakuna ghorofa, na zimepakwa rangi nyeupe. Kila kiwanja ni ekari moja au zaidi, na kimezungushiwa uzio wa mbao tatu za kulala, mweupe pia. Na hata kama hujawahi kupanda farasi maishani mwako, ni lazima utenge nafasi ya zizi na uwanja wa farasi. Ukisimama pale juu usiku unaiona Bahari ya Pasifiki upande mmoja, na upande wa pili taa za Los Angeles na bandari yake zimetandazwa kama mkeka usio na pindo.

Nimeuchagua mji huu kwa sababu ya kitu kimoja. Tumezoea kuyatazama makazi ya namna hii kuanzia getini. Tunauliza nani anaruhusiwa kuingia, bei ni kiasi gani, na nani anaishi mle. Hatuulizi ile ardhi ilifikaje pale ilipo. Na pale Rolling Hills ardhi yenyewe imeanza kujibu.

Turudi nyuma. Rasi ile inaitwa Palos Verdes. Wenyeji wake wa kwanza ni watu wa kabila la Tongva, ambao waliishi pwani ile na katika visiwa vyake kwa maelfu ya miaka. Walikuwa mabaharia. Walitengeneza chombo kinachoitwa ti'at, cha mbao zilizoshonwa kwa kamba na kuzibwa kwa lami, wakavuka nacho mpaka kisiwa cha Catalina. Msikilizaji wa Lamu akisikia mbao zilizoshonwa kwa kamba, mawazo yake yatakimbilia mtepe wa mababu zake, na hatakosea kuwaona watu wale kuwa mafundi wenzao. Wahispania walipokuja na kujenga misheni zao, Watongva wengi waliingizwa mle kufanya kazi na kubatizwa. Maradhi yakawamaliza kwa wingi. Vilima vyao vikaitwa vitupu.

Mwaka 1784 gavana wa Kihispania, Pedro Fages, alimpa askari mstaafu aliyeitwa Juan José Domínguez ruhusa ya kulisha mifugo kwenye ekari zipatazo 75,000, kuanzia bondeni mpaka rasi yote ya Palos Verdes. Hizo ni zaidi ya kilomita za mraba 300 kwa mtu mmoja. Angalia neno nililotumia: ruhusa ya kulisha. Haikuwa hati ya kumiliki. Na tofauti hiyo ndogo ya maneno ndiyo iliyowatesa watu kwa miaka mia moja iliyofuata.

Domínguez alifariki mwaka 1809. Msimamizi wa mirathi yake akamruhusu kijana mmoja, José Dolores Sepúlveda, alishe ng'ombe wake upande wa vilimani. Sepúlveda akajenga, akaoa, akazaa, ng'ombe wakaongezeka. Warithi wa Domínguez wakasema ardhi ni yetu. Yeye akasema nimepewa. Karatasi haikuwepo ya kumaliza neno. Basi mwaka 1824 akafunga safari kwenda Monterey, makao makuu ya serikali, kutafuta uthibitisho. Ni mwendo wa kilomita mia tano hivi, juu ya farasi, katika nchi isiyo na barabara.

Wakati yuko safarini, Wachumash, kabila jingine la wenyeji lililoingizwa kwenye misheni za kaskazini, waliasi. Chanzo kilikuwa kijana wao mmoja kuchapwa viboko na askari, lakini ghadhabu ilikuwa ya miaka mingi. Waliiteka misheni ya La Purísima. Sepúlveda, akiwa anarudi nyumbani, alifika pale siku mbaya. Aliuawa.

Kisa hiki hunikaa moyoni kila nikikisoma. Mtu alikwenda kutafuta karatasi ya ardhi aliyopewa na watu walioichukua kwa wenyewe, akauawa na watu wengine walionyang'anywa ardhi yao vilevile. Aliacha watoto wadogo. Hawakuchoka. Mwaka 1834 gavana Figueroa akaamua kwamba familia ina haki, na mwaka 1846 gavana Pío Pico akawapa wana wawili, José Loreto na Juan Capistrano, hati ya Rancho de los Palos Verdes, ekari 31,629. Kutoka siku baba yao alipouawa mpaka siku ile, imepita miaka ishirini na miwili.

Ranchi ya siku zile haikuuza nyama kama tunavyofikiri. Friji haikuwepo, na walaji walikuwa wachache. Kilichouzwa ni ngozi na mafuta. Meli kutoka Boston zilitia nanga San Pedro, chini ya vilima vile, zikapakia ngozi kavu kupeleka kwenye viwanda vya viatu, na mafuta ya kutengenezea mishumaa na sabuni. Nyama nyingi ilibaki kwa mbwa na ndege. Kwa kuwa fedha taslimu ilikuwa adimu, ngozi yenyewe ilitumika kama noti. Ulinunua sahani, kitambaa, hata piano, ukalipa ngozi.

Mwaka uleule wa 1846, vita vilizuka kati ya Marekani na Meksiko, ambayo wakati huo ndiyo ilikuwa imeirithi California kutoka kwa Wahispania. Vilipokwisha mwaka 1848, California ilikuwa mali ya Marekani. Mkataba uliahidi kwamba mali za Wameksiko zitaheshimiwa. Lakini mwaka 1851 bunge la Marekani likatunga sheria iliyomtaka kila mwenye ranchi aende mbele ya tume kuthibitisha kwamba ardhi ni yake. Mzigo wa ushahidi ulikuwa juu ya mwenye mali. Wakati huohuo watu wapya walivamia na kujenga vibanda malishoni, wakidai kwamba ardhi haina mwenyewe mpaka tume iseme.

Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hawa Sepúlveda daftari walikuwa nalo, tena limetiwa saini na gavana. Ila liliandikwa kwa Kihispania, na mpaka wake ulitajwa kwa mti, jiwe na kilima, huku mahakama ikiendeshwa kwa Kiingereza na kutaka vipimo vya mpimaji. Ikabidi waajiri mawakili. Mawakili walitaka fedha, na mwenye ranchi hana fedha, ana ng'ombe. Akakopa. Riba ya wakati ule ilihesabiwa kwa mwezi, si kwa mwaka. Kisha msimu wa 1861 na 1862 ukaja na mafuriko makubwa, na yalipokauka, mvua haikunyesha tena. Ukame wa miaka miwili iliyofuata uliua ng'ombe kusini mwa California kwa maelfu mengi. Mifupa ilitapakaa mabondeni. Mdai hangoji mvua.

Hati ya Marekani ya ranchi ile ilitoka mwaka 1880. Miaka thelathini na minne baada ya hati ya Pico. Ilipotoka, sehemu kubwa ya ardhi ilikuwa imeshakwenda kwa waliokopesha na waliosimamia kesi. Mwaka 1882 mahakama ikaigawa ranchi vipande 17, na Jotham Bixby, mfugaji na mkopeshaji, akaondoka na ekari zaidi ya 16,000, yaani nusu na zaidi. Hapakuhitajika bunduki. Ilitosha kalenda ya mahakama na hesabu ya riba.

Chini ya familia ya Bixby vilima viliendelea kulisha ng'ombe na kupandwa nafaka. Na tangu mwanzoni mwa karne ya ishirini walikuja wakulima wa Kijapani, wakakodi vipande kwenye miteremko inayotazama bahari, wakalima maharage, njegere na nyanya kwa kutegemea ukungu na mvua kidogo ya pale. Ardhi ambayo wengine waliiona ya ng'ombe tu, wao waliifanya bustani. Mwaka 1913 California ikapitisha sheria ya kuwazuia kumiliki ardhi. Wangeweza kukodi kwa muda mfupi, basi. Mwaka 1942, wakati wa vita, familia hizo zilikusanywa pamoja na Wajapani wengine wa pwani yote na kupelekwa kambini. Wachache sana walirudi kulima rasi ile. Shamba la mwisho kati ya yale waliyoyaanzisha lilifungwa mwaka 2022, na lilikuwa kwenye ardhi ya kukodi mpaka siku ya mwisho. Wengi wao walilima mahali kwa miaka mingi bila kuwa na hatua moja ya udongo ya kuita yao. Neno hili lisipite bila kusemwa.

Mwaka uleule wa 1913, sheria ile ilipopita, mwanabenki mmoja wa New York alisikia kwamba rasi inauzwa. Jina lake Frank Vanderlip, rais wa National City Bank, miongoni mwa benki kubwa kuliko zote Marekani wakati huo. Yeye na wenzake wakanunua ekari kama 16,000. Alinunua kabla hajaiona kwa macho. Aliyekodi hapo na kupanda maharage alizuiwa kununua hata robo ekari, na aliyenunua vilima vyote hakuwa ameikanyaga hata changarawe yake.

Vanderlip aliwaza makazi ya matajiri yatakayofanana na pwani ya Italia. Akamwajiri Frederick Law Olmsted Mdogo, mtoto wa yule aliyebuni bustani kuu ya New York, achore ramani. Vita Kuu ya Kwanza ikasimamisha mambo. Miaka ya 1920 ukafunguliwa upande wa magharibi, ukaitwa Palos Verdes Estates, na hati za viwanja vyake ziliandika waziwazi kwamba asiye mzungu haruhusiwi kuishi hapo, isipokuwa akiwa mtumishi wa nyumbani, dereva au mtunza bustani. Si siri, imo kwenye karatasi. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mahakama haziwezi kutumika kutekeleza masharti ya aina hiyo, na mwaka 1968 sheria ya nyumba ikayapiga marufuku kabisa. Lakini kiwanja kilichonunuliwa kwa bei ndogo siku zile kilirithiwa na watoto, na bei ya leo haihitaji sharti la rangi kuwazuia wajukuu wa wale waliozuiwa.

Kisha mdororo mkubwa wa uchumi wa 1929 ukaua soko la viwanja. Hapo anaingia mtu aitwaye A. E. Hanson. Kazi yake ilikuwa kubuni bustani. Ndiye aliyetengeneza ile maarufu ya mchekeshaji wa filamu Harold Lloyd. Mwaka 1932 akapewa kusimamia kampuni iliyobaki na ardhi ya Vanderlip. Alifahamu jambo ambalo wauza viwanja wengine hawakuliona. Mtu mwenye fedha wakati wa shida hataki kiwanja cha mjini. Anataka kutulia, anataka farasi, anataka nyumba ya chini yenye kibaraza, kama zile za wafugaji wa zamani. Hanson akaanza kuuza maisha ya ranchi mahali ambapo ranchi ilikuwa imekwisha. Mwaka 1936 chama cha wakazi wa Rolling Hills kikaanzishwa, na masharti ya ujenzi yakaandikwa: ghorofa marufuku, rangi nyeupe, uzio wa mbao tatu, njia za farasi zipite kati ya viwanja.

Nikitazama picha za nyumba zile nakiri ni nzuri. Hazishindani na kilima, zimelala juu yake. Masharti ya Hanson yaliokoa mandhari ambayo kwingine ilimezwa na zege, na mti wa pale bado unaonekana mti. Lakini nyumba hizo zimeiga umbo la nyumba ya Sepúlveda bila Sepúlveda, na uzio wake ni wa kuzuia ng'ombe ambao hawapo.

Mwaka 1957 wakazi walijiandikisha kuwa mji. Walitaka kuamua wenyewe juu ya ardhi yao kabla serikali ya wilaya au mji jirani haujawaamulia. Polisi wanawakodi kutoka kwa wilaya. Hanson mwenyewe alikuwa ameshahamia kwenye mradi wa pili. Mwaka 1950 alianza makazi mengine ya farasi na geti, Hidden Hills, kaskazini-magharibi mwa Los Angeles, ambako leo wanaishi watu maarufu wa televisheni. Mbegu ile imeota sehemu nyingi za dunia. Tukirudi Rolling Hills, miaka ya karibuni jimbo limeutaka kila mji uonyeshe utajenga wapi nyumba za watu wa kipato cha chini. Rolling Hills ilipangiwa 45 kwa miaka minane, na kiwanja ilichokitenga ni cha wilaya ya shule, pembezoni mwa mji.

Lakini msikilizaji, nilisema ardhi imeanza kujibu. Sasa tufike hapo.

Upande wa kusini, chini ya Rolling Hills, kuna ghuba iitwayo Portuguese Bend, iliyopewa jina la wavuvi wa nyangumi wa Kireno wa karne ya kumi na tisa. Mteremko wote wa pale ni poromoko la kale. Chini ya mwamba kuna tabaka la majivu ya volkano yaliyogeuka kuwa udongo wa aina ya bentonaiti. Udongo huo ukiwa mkavu ni mgumu. Ukilowa, huvimba na kuteleza kama sabuni. Na tabaka lenyewe limeinama kuelekea baharini. Kwa hiyo kilima kizima kimekaa juu ya utelezi, kinangoja maji.

Mwaka 1956 serikali ya wilaya ilikuwa ikirefusha barabara ya Crenshaw, ikamwaga kifusi kwenye kichwa cha poromoko lile. Agosti mwaka huo ardhi ikaanza kutembea. Nyumba zaidi ya mia moja ziliharibiwa. Wenye nyumba wakaishtaki wilaya, na mwaka 1965 Mahakama Kuu ya California ikasimama upande wao. Barabara haikumalizika, na ardhi haikusimama. Miongo inapita, ardhi inatambaa polepole, watu wanainua nyumba zao kwa jeki na kuishi.

Kisha zikaja mvua kubwa za majira ya baridi ya 2023 na ya 2024. Mwendo ukawa wa kutisha. Vipimo vya shirika la NASA mwishoni mwa 2024 vilionyesha sehemu zinazosogea hadi sentimita kumi kwa wiki. Kanisa la vioo la Wayfarers, kazi ya msanifu Lloyd Wright iliyofunguliwa mwaka 1951, ilibidi lifumuliwe kipande kwa kipande na kuhifadhiwa, kwa sababu sakafu ilikuwa ikipasuka. Gesi ikakatwa mitaa ya chini, na baada ya gesi, umeme. Na mwezi Septemba 2024 ikawa zamu ya makumi ya nyumba za juu, ndani ya Rolling Hills yenyewe, kukatiwa gesi na umeme kwa sababu ardhi inakata mabomba na kuegemeza nguzo.

Hapa ndipo lango linaposhindwa. Makorongo yanayoshuka mpaka Portuguese Bend yanaanzia juu, kwenye vilima vya mji ule wenye malango matatu. Mvua inayonyesha juu inapita humo na kuzama kwenye nyufa chini. Zaidi ya mvua, nyumba nyingi za Rolling Hills hazijaunganishwa na bomba kuu la majitaka. Zina makaro. Maji ya bafuni, ya jikoni na ya kumwagilia maua yanaingia ardhini palepale, kila siku, mwaka mzima, hata wakati wa kiangazi. Mlinzi wa getini anaweza kumrudisha mgeni asiye na jina kwenye orodha. Maji hayapiti kwake.

Wataalamu wanakubaliana kuhusu dawa: toa maji. Tangu miaka ya 1980 wakazi wa Abalone Cove, jirani kabisa na Portuguese Bend, waliunda mamlaka yao ya kujitoza kodi ili kuchimba visima na kuvuta maji ya chini, ya kwanza ya aina yake California. Mwaka 2024 vikachimbwa visima vingine virefu zaidi, kwenda chini ya tabaka lile linaloteleza. Pampu zinafanya kazi usiku na mchana. Maji yanapandishwa, yanapita kwenye mabomba yaliyowekwa juu ya ardhi ili yasikatike, yanamwagwa baharini. Mengine kati ya maji hayo yalianza safari yake juu ya kilima, kwenye bustani zenye uzio mweupe, ndani ya geti.